Mtoto Asiyetajwa: Wosia katika Hadithi Zetu

Kuna tukio moja ambalo limechakaa sana katika miswada ya sisi waandishi chipukizi, nami naona wakati umefika tuambizane ukweli. Baba tajiri amefariki. Watoto wamekaa sebuleni kwenye makochi. Anaingia wakili, suti nyeusi, mkoba wa ngozi, miwani puani. Anakohoa kidogo, anafungua bahasha, anasoma. Nyumba kwa fulani, magari kwa fulani, fedha za benki kwa fulani. Na yule mmoja, aliyempenda baba kuliko wote, hakuna kitu. Mama wa kambo anatabasamu. Kijana anatoka mbio nje na mvua inanyesha. Mwisho wa sura ya kwanza.

Sasa jamani, tuulizane. Nani kati yetu amewahi kuliona jambo hilo kwa macho yake hapa mjini? Mimi sijaliona, na wenzangu niliowauliza hawajaliona. Tumeliona kwenye video, tukalisoma kwenye vitabu vya Kizungu, kisha tukalihamishia Sinza na Kariakoo bila hata kulibadilisha nguo. Kwetu mambo huenda vingine. Watu huzika kwanza. Matanga yanakwisha, wengine wanasubiri arobaini. Kisha kunakuwa na kikao cha ukoo, watu wamekaa kwenye mkeka na kwenye viti vya kuazima, anko mmoja aliyetoka bara anaongoza, kijana anayejua kuandika anapewa daftari aandike muhtasari. Anachaguliwa msimamizi wa mirathi. Kutoka hapo muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na mahakama inatoa tangazo kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Wosia, kama upo, mara nyingi umeandikwa kwenye karatasi ya kawaida, una dole gumba, umekaa kwenye sanduku pamoja na hati ya kiwanja na risiti za zamani.

Hoja yangu si kwamba mwandishi amekosea mapambo ya sebule. Hayo ni madogo. Hoja yangu ni kwamba tukikosea mahali pa tukio tunakosea na tukio lenyewe. Tunadhani uchungu wa mtoto aliyeachwa nje ya wosia uko pale karatasi inaposomwa. Mimi nasema uchungu huo una mwanzo wa miaka mingi nyuma, na una mwendelezo wa miaka mingi mbele, na vyote viwili tunavitupa kwa ajili ya dakika tano za wakili kukohoa.

Tazama tunavyomtendea kijana huyo baada ya kutoka mbio. Njia zetu ni tatu. Ya kwanza, anakwenda mjini, anahangaika, anatajirika, anarudi na gari kuwakuta ndugu zake wamefilisika. Ya pili, anakwenda kwa mganga, au mzimu wa baba unawatokea waliodhulumu, wanakiri. Ya tatu, ndiyo inayopendwa kupita zote, inapatikana barua ya siri. Iko ndani ya godoro, au kwa mtumishi wa zamani, au nyuma ya picha ya ukutani. Barua inasema wosia ule ulighushiwa, baba alimpenda mwanawe siku zote, mali yote ni yake. Vigelegele. Tamati.

Njia zote tatu zina kasoro moja. Zinamsamehe baba. Aliyefanya ubaya ni mama wa kambo, au kaka mlafi, au wakili mla rushwa. Baba amebaki msafi kama sanda. Lakini katika maisha kuna wazazi ambao kweli waliamua, kwa akili zao timamu, kumwacha mtoto mmoja. Hakuna aliyewashika mkono. Hakuna aliyeghushi. Mtoto wa namna hiyo hana barua ndani ya godoro. Tumemwandikia nini huyo?

Waliotutangulia walimwona. Chukua Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Rehema ni binti wa Fuad, mtu wa mashamba na mwenye uwezo. Lakini ananyimwa kitu tangu siku ile ya kuzaliwa, watu walipomtazama rangi yake na kuanza kunong'ona. Mapenzi ya baba ndiyo aliyokosa kwanza, na mali ikafuata nyuma kama kivuli. Anakuja kujenga maisha na Sulubu, mkulima fukara asiye na jina mjini. Msomaji akifika kwenye habari za mali ya Fuad hashangai hata kidogo, maana amekwisha kuona mkono wa baba ukirudi nyuma mara nyingi kabla. Huo ndio ufundi ninaousema. Kunyimwa urithi ni mstari wa mwisho wa hesabu ndefu. Sisi tunaandika jibu tu, hesabu hatuionyeshi, halafu tunataka msomaji alie.

Na hata hiyo barua ya siri, kuna aliyeitumia kwa heshima. Charles Dickens wa Uingereza alitoa Bleak House kwa vipande kati ya mwaka 1852 na 1853. Mna kesi ya mirathi, Jarndyce na Jarndyce, imedumu mahakamani kizazi baada ya kizazi mpaka hakuna anayekumbuka vizuri ilianzaje. Kijana Richard Carstone anaitegemea kesi hiyo kama sisi tunavyoitegemea bahati nasibu. Anaacha kazi hii, anaacha ile, anangoja. Mwishoni unapatikana wosia mpya, kama katika hadithi zetu. Msomaji anashika roho. Kumbe kesi inafungwa kwa sababu mali yote imekwisha kuliwa na gharama za kesi yenyewe. Richard anakufa. Karatasi ilipatikana kweli, lakini haikumwokoa mtu. Linganisha na godoro letu linalotapika barua na kumtajirisha kijana kabla ya ukurasa wa mwisho.

Wala usiseme hayo ni ya Ulaya tu. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri nchini Kenya, alifariki mwaka 1981, na mirathi yake ilikuwa bado iko mahakamani Nairobi zaidi ya miaka thelathini baadaye. Watoto wamezeeka wakiwa ndani ya kesi. Riwaya ya Kiswahili ya jambo kama hilo iko wapi? Mimi naitafuta.

Wenzangu wengi husema mahakama haina utamu wa fasihi, kwamba ni mambo ya vifungu na mihuri. Naomba nipingane nao. Sheria za kwetu zinazohusu wosia zimejaa hadithi kuliko daftari zetu. Tatizo hatuzijui, na mwandishi asiyejua sheria inayomhusu mhusika wake ni kama fundi seremala asiyejua mbao.

Anza na pwani. Mtu ameandika riwaya ya Tanga, familia ya Kiislamu, baba ameandika wasia na kumfuta mwanawe wa ndoa asipate hata senti. Bwana we, hadithi hiyo imevunjika mguu ukurasa wa kwanza. Katika sheria ya Kiislamu mtu anausia katika thuluthi moja tu ya mali yake, na hawezi kumuusia mrithi wake mpaka warithi wengine waridhie. Thuluthi mbili zinazobaki zina wenyewe, kila mtu na fungu lake. Kwa hiyo mtoto wa ndoa hafutwi kwa kalamu. Je, ina maana hakuna dhuluma? Ipo, lakini inapita mlango mwingine. Baba anagawa mali angali hai, anaiita hiba, na siku ya kufa hakuna kilichobaki cha kugawa mafungu. Au mtoto ni wa nje ya ndoa, na sheria inasema harithi kwa baba, hata kama anamfanana mpaka kucha. Ona hadithi mbili nilizokupa bure hapo, na zote ni nzito kuliko wakili na miwani yake.

Njoo bara. Tanzania ina tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila za makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba. Humo urithi una madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu. Hilo peke yake ni riwaya, na ni aibu kwamba wavulana tunaoandika tumeliacha wasichana waliandike peke yao. Lakini nataka utazame sehemu ya wosia. Mtoa wosia anaweza kumnyima mrithi, lakini si kwa kununa tu. Zimetajwa sababu, kama vile mrithi kuzini na mke wa mtoa wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya, au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa bila sababu ya haki. Na anayenyimwa anatakiwa apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mwenye wosia au mbele ya baraza la ukoo.

Hebu simama hapo. Mzazi anatakiwa amwambie mtoto usoni, angali hai, kwa nini anamwacha. Na mtoto anatakiwa ajibu. Nani katika sisi ameandika tukio hilo? Mzee amelala kitandani, pumzi zinahesabika, ukoo umezunguka, na mwana wa miaka arobaini anaulizwa: mwaka ule baba yako alipougua ulikuwa wapi? Pengine alikuwa jela. Pengine alikuwa machimboni Mererani hana hata nauli. Pengine alikuwa mtaa wa pili tu, alikuwa na hasira zake. Kila jibu ni riwaya tofauti. Hapo huhitaji mvua.

Kenya nayo ina njia yake. Sheria yao ya urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inampa mtu uhuru wa kuusia mali yake apendavyo. Lakini kifungu cha 26 kinamruhusu mke au mtoto aliyeachwa bila fungu la kutosha aende mahakamani kuomba, ilimradi awahi kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Na jaji akikaa kuamua, sheria inamwagiza atazame mambo kadhaa: mali ni kiasi gani, mwombaji ana hali gani, alipewa nini marehemu alipokuwa hai, mwenendo wake kwa marehemu ulikuwaje, na sababu za marehemu kutompa kitu. Yaani mahakama inafanya kazi ya mhakiki. Ina maandishi mbele yake, mwandishi wake hayupo tena duniani, na swali ni kwa nini mhusika mmoja amekosekana. Tofauti ni kwamba mhusika huyo yupo, amekaa benchi la mbele, amevaa shati lake zuri, na anataka kuzungumza.

Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu katika kesi ya namna hiyo, katika mahakama moja ambayo haina haja ya kutajwa. Nilidhani nitasikia habari za ekari na mabati. Siku nzima iliishia kwenye maswali ya maisha. Ulimwona marehemu mara ya mwisho lini? Nani alimpeleka hospitali? Alipokuwa akikuita alikuita kwa jina gani? Shangazi alisimama kwa ujasiri mpaka lilipofika swali hilo la jina. Akatazama chini muda mrefu. Karani akaacha kuandika. Nikaelewa kwamba mtu anayepinga wosia anatakiwa athibitishe kitu ambacho hakina risiti, kwamba alikuwa mtoto wa mtu. Sijasoma hadithi yoyote ya kizazi chetu iliyofika kwenye swali lile.

Atatokea wa kuniambia: lakini kupinga wosia ni kugombana na maiti, mila zetu hazipendi, mhusika wa hivyo msomaji atamchukia. Naam, na amchukie! Ndipo utamu ulipo. Mhusika anayepinga neno la mzazi wake aliyelala kaburini hawezi kuwa malaika, na hawezi kuwa shetani. Majirani watasema ana tamaa. Yeye mwenyewe usiku atajiuliza kama ana tamaa. Sehemu yake inataka kiwanja, maana kodi ya chumba imepanda. Sehemu nyingine ingekubali kiwanja kiende tu, mradi atoke mtu aseme baba alikosea. Darasani tulifundishwa kuna wahusika bapa na wahusika duara. Huyu hapa ni duara kamili, na sisi tunampita tukikimbilia kwa mama wa kambo, ambaye tumemchora bapa tangu darasa la nne.

Kuna kesi moja ya Uingereza iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017, ambayo kila anayetaka kuandika juu ya jambo hili aitafakari. Msichana aliondoka kwao akiwa na miaka 17, mwaka 1978, akamfuata kijana aliyempenda na ambaye mama hakumtaka. Mama na binti hawakupatana tena maisha yao yote, ingawa walijaribu. Mama alifariki mwaka 2004. Aliacha mali ya karibu pauni 486,000, na karibu yote aliyapa mashirika ya hisani, hasa ya wanyama na ndege. Binti, aliyekuwa na watoto watano na maisha ya shida, alikwenda mahakamani. Mwaka 2007 akapewa pauni 50,000, mwaka 2015 mahakama ya rufani ikampandishia hadi 143,000 za kununulia nyumba na ziada kidogo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikamrudisha kwenye 50,000 zilezile. Miaka kumi ya kupanda na kushuka ngazi.

Lakini kitu kilichonishika mimi si pauni. Mama huyo aliacha barua pamoja na wosia. Alieleza kwa nini hakumpa binti yake kitu, na akawaagiza wasimamizi wake wapinge madai yoyote ambayo binti angeleta. Hii ndiyo barua ya siri ya kweli, ndugu zangu. Katika hadithi zetu barua inafunguliwa na ndani mna mapenzi. Katika maisha ya mama huyu barua inafunguliwa na ndani mna mlango uliofungwa kwa komeo. Mwandishi atakayeweza kuandika barua ya namna hiyo, akamwingia mama mpaka tukamwelewa bila kumpenda, huyo atakuwa ametuacha wote nyuma.

Na hapo ndipo lugha yetu inapotusuta. Neno hili wosia, Kiswahili kinalitumia kwa mambo mawili. Ni hati ya kugawa mali, na ni maneno ya hekima anayoachiwa mtoto. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa kule pwani ya Lamu mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi, na mpaka leo tunauita wosia. Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Kinachogawiwa humo ni maneno, na mtoto anaitwa, anaambiwa sogea, sikiliza. Unaweza kubishana na mawaidha yenyewe, na wasichana wa leo wana haki ya kubishana na Mwana Kupona. Lakini mtoto ametajwa.

Basi mtoto aliyeachwa nje ya wosia amenyimwa vyote viwili kwa pigo moja. Amenyimwa mali, na amenyimwa kuitwa. Nadhani hilo la pili ndilo linalowapeleka watu mahakamani hata pale ambapo mali yenyewe ni vyumba viwili vya udongo na mwembe. Wanataka pawepo mahali pa rasmi, penye muhuri na karani, ambapo jina lao litasomwa kwa sauti katika habari za mzazi wao. Wakishindwa kesi, angalau limesomwa.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu, na ninajiomba mwenyewe maana nina mswada kabatini. Mfukuzeni yule wakili sebuleni. Nendeni mkae siku moja katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nanyi. Kesi hizi husikilizwa mbele ya watu, hamlipi kiingilio. Sikilizeni watu wanavyozungumza juu ya marehemu wao, maneno wanayoyachagua, wanapokwama. Ulizeni mhusika wenu ni wa dini gani na kabila gani, kisha mjue ni sheria ipi itamhukumu. Mpeni baba sababu zake, hata kama ni mbaya, na mziandike kwa sauti yake. Mpeni mama wa kambo watoto wa kulisha. Na kama ni lazima barua ipatikane, basi ipatikane mapema, sura ya tatu hivi, ili tubaki na kurasa za kutosha za kuona mtu anavyoishi baada ya kuisoma.